Picha Moja, Majina Saba

Yahaya wa mtaa wa Buyenzi alikuwa na ugonjwa wa watu waliolelewa gereji: akiulizwa kama jambo linawezekana, hujibu ndiyo kwanza, kufikiri baadaye. Kwa hiyo Astère, mkuu wa ofisi ya kutafuta watoto waliopotea vitani, alipomuuliza Jumatano kama angeweza kupata nafasi kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa, alijibu kwamba hiyo ni kazi ya dakika kumi. Na ahadi ni deni.

Nafasi ilihitajika kweli. Picha mia sita za watoto wa kambi za Kigoma zilikuwa njiani, na diski ilikuwa imejaa pomoni. Ofisi ilikuwa mtaa wa Kinindo, kwenye jumba lenye bustani nzuri, lakini bustani haihifadhi picha. Mhandisi Mfaransa aliyeiweka ile mashine aliondoka mwezi Julai mabomu yalipoanza kuanguka mjini, akaacha daftari la amri za kompyuta na kopo la kahawa. Kahawa iliisha. Amri, Yahaya alizisoma mpaka karatasi zikachanika.

Shida ilikuwa nakala. Kila karani aliyepita pale alinakili picha upya, kila faili akaipa jina la mtoto. Amri aliyoandika Yahaya haikujali majina. Ilisoma picha yenyewe mpaka nukta ya mwisho, ikaipa namba; picha mbili zenye namba moja ni picha ileile, ziitwe vyovyote. Yakatokea makundi mia tatu. Ilibaki amri ya pili, ya kubakiza picha moja kwa kila kundi na kufuta nyingine. Aliiandika, na kabla hajabonyeza aliona kundi lenye picha saba.

Mtoto wa miaka minane hivi, paji pana, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Ildephonse. Jovithe. Rénovat. Karimu. Cirimwami. Tharcisse. Astère.

"Astère?" mkuu aliinama kusoma. Hakupendezwa kuona jina lake hapo, na aliyeleta picha zote saba ni mama mmoja. "Huyu mama anatafuta misaada mara saba. Futa sita."

"Tubakize gani, shefu?"

Astère aliyasoma upya yale majina saba. "Mwite huyo mama."

Mwantum, mshonaji wa Buyenzi, alifika mchana kwa miguu. Alikiri bila kubabaika: alikuja mara saba, kwa makarani tofauti, na disketi ileile.

"Mutoto ni mumoja, mama?" Yahaya aliuliza.

"Mumoja tu. Mungu hakunipa mwingine."

"Na majina saba?"

Mwantum alimwonea huruma. "Mi nilimufunza mwenyewe. Nilimwambia, ukifika bariyeri, pale wenye bunduki wanasimamisha watu njiani, angalia kwanza ni ya nani. Ya hawa, we ni Ildephonse. Ya wale, we ni Rénovat. Ukikuta Wakongomani, Cirimwami. Alikuwa na akili, alishika yote siku mbili. Halafu ile siku ya kukimbia, mukono wake ukanitoka. Bariyeri ya mwisho walimusimamisha wapi, mi sijui. Jina alisema pale ndilo lilimuponesha. Ndilo anaitwa mupaka leo."

Astère alitoka kwenda kutazama bustani.

Yahaya aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu ile amri ilikuwa bado inamsubiri kwenye kioo cha kompyuta. Ingebakiza jina la kwanza kwa alfabeti, yaani Astère.

Akafungua daftari. Ilikuwepo amri nyingine: picha inakaa mara moja tu kwenye diski, na majina yote yanaielekea. Ukifuta jina moja, picha ipo. Inatoweka pale tu jina la mwisho linapofutwa. Aliitumia kwa makundi yote mia tatu, wala hakutaka kujua akina mama wengine walikuwa na sababu gani. Nafasi ya picha mia sita ikapatikana, na ziada. Ilichukua dakika kumi na moja.

Alimweleza Mwantum taratibu. Mwantum akafikiri.

"Sasa mashini inajua jina la kweli ni gani?"

"Apana, mama. Kwake yote iko sawa." Kisha akauliza, "Lile ulimupa we, ni gani?"

"Haliko humo. Hilo nilimukataza kulisema bariyeri hata moja."

Astère alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Mwantum alimtazama, akatazama dirisha, akamtazama tena. Ilikuwa miaka minane tangu alitamke mbele ya mtu.

"Khaled," alisema kwa sauti ndogo. "Andika. Khaled."

Yahaya akaandika. Majina yakawa manane, na diski haikupungukiwa nafasi hata kidogo. Mwantum aliomba kioo kigeuzwe upande wake, akalitazama lile jina, na hapo ndipo alipolia.