Biskuti za Mapafu

Élisabeth hakupenda mbwa, na watu wa Uvira, Kongo, waliokaa naye kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma hawakumlaumu, maana kisa chake walikijua. Mwaka waliokimbia vita, alirudi asubuhi moja nyumbani kwa kaka yake Boris kutafuta mablanketi, akakuta mbwa wa jirani wamelala uani, wameshiba. Hakuhitaji kuambiwa wamekula nini. Tangu hapo, mbwa akija karibu, aliacha alichokuwa akifanya akaondoka, bila kelele.

Kambini alijulikana kwa mikate. Alijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake, na asubuhi harufu ya mkate wake ilifika mpaka kwenye laga, ule mto mkavu. Kwa sababu hiyo Chepngetich, daktari wa mifugo kutoka Lodwar, alipouliza ni nani anayeoka vizuri Kakuma, alielekezwa kwake.

Chepngetich alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza shida yake. Kuna mnyoo mdogo, alisema, unaoishi kwenye utumbo wa mbwa bila kumsumbua. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya na mchanga, huingia kwenye maji. Mtu akiyameza, humkulia ndani kwa miaka kama mfuko wa maji, kwenye ini au kwenye mapafu, mpaka tumbo linavimba na hakuna la kufanya ila kupasuliwa. Mbwa naye huupata mnyoo huo kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi walioambukizwa. Dawa ipo, kidonge tu, na mbwa akipewa kila baada ya miezi michache, mnyoo unakwisha bomani. Tatizo ni kwamba kidonge ni kichungu. Walikificha kwenye ugali, mbwa akala ugali akatema kidonge. Walimfungua mdomo kwa nguvu, na mmoja wa wafanyakazi akarudi Lodwar na bendeji mkononi. Chepngetich alitaka kitu kama biskuti, laini katikati, chenye harufu ya kumfanya mbwa ameze kwanza na kufikiri baadaye.

"Daktari, miye sipendake mbwa," Élisabeth alisema.

"Sikuombi uwapende, mama. Nakuomba uwapikie."

Élisabeth akauliza kama mbwa hula sukari.

Biskuti za kwanza alizioka kama za watu: unga wa ngano, sukari, maziwa kidogo. Chepngetich alizipeleka Lodwar, akawatupia mbwa wa sokoni. Walizinusa wakaenda zao. Mara ya pili Élisabeth aliomba nyama, lakini si nyama ya bei. Chepngetich akapanga na wachinjaji wamletee mapafu ya mbuzi, ambayo Kakuma hayana wateja wengi, akamsisitizia kwamba yachemshwe sana, maana yakibaki mabichi katikati, watakuwa wanawarudishia mbwa mnyoo uleule wanaoutoa.

Élisabeth aliyachemsha mpaka yakawa ya kijivu na yanavuta kama mpira. Aliyakatakata, akayasaga, akayakanda na unga wa mahindi na mafuta ya kondoo, bila chumvi. Akayafinyanga madonge madogo, kila moja akalitoboa kwa kidole gumba mahali pa kidonge. Aliyaingiza tanurini baada ya mikate kutoka, moto ukiwa umepoa. Yalitoka makavu kwa nje na ndani laini kama kiazi kilichopondwa. Mbwa wa Lodwar hawakuyanusa hata. Waliyameza.

Lakini harufu hiyo haikuwafikia mbwa peke yao. Jirani wa Élisabeth alikuwa Akon, mama wa Kidinka kutoka Bor, mrefu na mpole, ambaye hununua mkate mmoja kila asubuhi na kuugawa kwa watu wake wote. Miezi hiyo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa, na nyumba nyingi zilipika mara moja kwa siku. Akon alisimama mlangoni akauliza nini kinachonukia vizuri hivyo. Élisabeth akamwambia ukweli, kwamba ni chakula cha mbwa wa wafugaji.

Akon alitazama yale madonge yaliyopangwa kwenye bati. Hakukasirika, au hakuonyesha.

"Basi mbwa amepata kadi ya mgao mbele ya sisi," alisema, akaondoka.

Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kabla ya jua kutua. Kesho yake Akon hakuja kununua mkate, na keshokutwa wengine hawakuja. Baadhi walisema tanuri limeingia uchafu wa mbwa. Baadhi walisema ni dhambi kukanda unga na mafuta kwa ajili ya mnyama wakati binadamu analala njaa, na hawa ndio waliomuumiza Élisabeth, kwa sababu hakuona walipokosea. Alimpigia Chepngetich simu akamwambia atafute mtu mwingine. Chepngetich hakumbembeleza. Alimwomba jambo moja tu: atoke naye siku moja aone biskuti zinakokwenda, kisha aamue.

Walikwenda kwa gari la idara ya mifugo, wakapita Kalobeyei, wakaacha barabara na kufuata njia ya mbuzi mpaka kwenye boma la mzee mmoja aitwaye Lochakapong. Mwaka uliotangulia mkewe, Akuwam, alipasuliwa hospitalini Lodwar, akatolewa kwenye ini uvimbe ambao Chepngetich aliuonyesha ukubwa wake kwa viganja viwili. Lochakapong aliwapokea kwa salamu ya Kiturkana, "ejok", wakaitikia. Kisha akapiga mluzi kuwaita mbwa, na hakuna mbwa aliyetokea. Walikuwa wamelijua gari. Mara ya mwisho gari la namna hiyo lilipofika lilileta sindano za kuzuia kichaa cha mbwa.

Élisabeth alikuwa amekusudia kubaki ndani ya gari. Joto ndilo lililomtoa. Alishuka na beseni lake la biskuti, ambazo Chepngetich alikuwa ameshazitia vidonge, akatafuta kivuli. Upepo ukachukua harufu ukaipeleka kwenye vichaka vya miiba vya mathenge, na mbwa wakatoka huko, wembamba, wa rangi ya mchanga, mmoja baada ya mwingine. Waliwapita Lochakapong na Chepngetich. Walimwendea yeye.

Alisimama na beseni kifuani. Alisikia sauti ya Chepngetich, ya chini, ikimwambia asikimbie, arushe moja moja, aanze na yule mkubwa. Élisabeth alirusha. Mbwa mkubwa aliidaka hewani na haikuonekana tena. Akarusha nyingine. Watu wa boma walikuja taratibu nyuma ya mbwa waliokwisha kula, wakawafunga kamba, maana kwa siku mbili ilibidi wabaki mahali pamoja na kinyesi chao kichomwe. Alipomaliza, Élisabeth aligundua kwamba kitenge chake kilikuwa kimelowa jasho mpaka magotini.

Mbwa mmoja jike hakula. Aliichukua biskuti mdomoni akazunguka nayo nyuma ya ua wa miiba. Chepngetich alikuwa bado anashughulika na wengine, kwa hiyo Akuwam alimfuata, akamwashiria Élisabeth aje. Walimkuta amelala na watoto wake, biskuti iko kati ya miguu ya mbele, na watoto wameanza kuilamba. Akuwam alichuchumaa akawazoa wote kwenye shuka yake. Walihangaika huko ndani kama kuku kwenye gunia.

"Mpe sasa," alimwambia Élisabeth. "Mimi mikono imejaa."

Élisabeth aliokota biskuti. Kidonge kilikuwa bado ndani. Aliinyoosha mbele ya pua ya mbwa, akageuza uso pembeni, na akahisi ulimi kwenye vidole vyake, kisha hakuhisi kitu. Mbwa alikuwa amemeza. Akuwam alimmiminia maji kutoka kwenye dumu na kumpa kipande cha sabuni, kama daktari alivyowafundisha, na Élisabeth akanawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walibaki hapo kwenye kivuli chembamba cha ua. Élisabeth akamwuliza Akuwam, yeye aliyepasuliwa kwa sababu ya wanyama hawa, kama hakuwachukia.

"Nilichukia," Akuwam alisema. "Mwezi moja. Mzee akafukuza wote. Halafu fisi ikakuja."

Alieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba fisi alichukua mbuzi, akarudi akachukua wengine, mpaka Lochakapong akaenda kwa jamaa zake kuomba mbwa. Huyu jike alitoka huko.

Élisabeth alimsikiliza. Kisha, bila kujua kwa nini anamwambia mtu asiyemfahamu, akasema, "Kwetu mbwa ilikula kaka yangu."

Akuwam hakusema pole. Alitazama ndani ya shuka yake, akawatazama wale watoto mmoja mmoja, kama anayehakikisha.

"Hizi hazijakula mtu," alisema.

Élisabeth alirudi Kakuma bila kuamua lolote, lakini usiku haukuwa umeingia vizuri alipokwenda mwenyewe kwa Akon. Alimweleza juu ya Akuwam, juu ya kovu lake na ule uvimbe. Akon alimkaribisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema anamhurumia mama huyo. Halafu akauliza mapafu yanapotoka kwa wachinjaji huja na nini.

Élisabeth akasema huja yameshikana na moyo.

"Na moyo unapeleka wapi?"

Ukweli ni kwamba alikuwa akiusaga pamoja na mapafu.

"Mapafu, mbwa akule," alisema. "Moyo ni nyama ya watu."

Élisabeth alipofikiri, aliona ni kweli na kwamba hakupaswa kusubiri aambiwe. Akamwambia Chepngetich kwamba ataendelea kuoka, ila mioyo iwe ya watu, naye akakubali mara moja. Kuanzia hapo, siku ya biskuti, mioyo ilitengwa, ikachunguzwa, ikapikwa kwenye sufuria yake na kitunguu, na majirani waliokuja kumsaidia kukatakata mapafu walikula pamoja. Akon alikuwa wa kwanza kuja. Wateja wa mikate walirudi polepole, isipokuwa wachache ambao hawakurudi kabisa na sasa hununua kwa mwokaji mwingine karibu na msikiti. Awamu zilizofuata, aliyekwenda mabomani na beseni ni Akon. Amekulia kwenye kambi ya ng'ombe na mbwa hawamshtui.

Mwaka uliofuata Chepngetich alimwombea Élisabeth kibali cha kutoka kambini, aende Lodwar kuwafundisha kina mama wa huko kuoka biskuti. Walijaa kwenye ukumbi wa kanisa, wakamsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akamwambia kwamba Lodwar mapafu huliwa na watu, kwa hiyo wao watatumia vichwa vya samaki wakavu kutoka ziwani. Élisabeth alisema hajui kama itafaa. Wakapika. Harufu iliwatoa watu nje ya ukumbi, na mbwa wa mtaa walifika mpaka kwenye ngazi.

Akuwam alikuwa mjini siku hiyo kwa ajili ya kupimwa. Alimkuta Élisabeth nje, amejifunika pua kwa ncha ya kitenge, akamwambia kwamba madaktari wametazama tumbo lake kwa mashine na hawakuona kitu kipya kinachokua. Élisabeth alimshika mikono yote miwili. Wakaagiza chai ya maziwa kwenye kibanda kilichokuwa ng'ambo, wakanywa pamoja.

Kabla ya kuagana Akuwam aliomba mfuko wa hizo biskuti za vichwa vya samaki apelekewe bomani, kwa sababu mbwa wake, alisema, wameanza kuchagua.