Sauti ya Nunzio Scardigno

Nunzio Scardigno aliuawa mara kumi na tisa mbele ya kamera. Alinyongwa, akachinjwa, akazikwa hai, na mara moja alitafunwa na wafu mchana kweupe. Mara ya ishirini ndiyo ya kweli: moyo ulimsimama jikoni, akisubiri kahawa ichemke. Mkewe Iolanda alikuwa sebuleni, na hata kishindo hakukisikia.

Miezi minane ikapita. Iolanda akawa mtu wa kukaa mbele ya televisheni kila alasiri, maana stesheni moja ndogo ya pale Roma ilikuwa ikionyesha filamu za zamani za kutisha, watu wakishamaliza chakula cha mchana. Nunzio alikuwa akitokea, kijana, nywele nyeusi tii, koti jeupe la daktari, jina la bandia la Kimarekani kwenye orodha ya waigizaji. Miaka ile nani angeingia sinema kumtazama Scardigno wa Bari, kule kusini, akipambana na mizuka? Iolanda alikuwa akisogeza kiti. Kisha mumewe alifumbua mdomo, na mle mdomoni ikatoka sauti ya mwanamume mwingine.

Ndivyo filamu zilivyotengenezwa Roma enzi hizo. Siku ya kupiga picha ni fujo tupu, mwongozaji anafoka, mafundi wanagonga misumari, kila mtu anasema lugha ya kwao. Baadaye, kwenye chumba kimya, wenye sauti nzuri wanakuja kuwasemea wenye sura nzuri. Filamu arobaini na moja, na Nunzio hakusikika akisema neno hata moja. Nyumbani hawakuwahi kuwa na kinasa sauti. Ile mashine ya kupokea ujumbe kwenye simu ilikuwa na sauti ya Iolanda mwenyewe.

Na sasa Iolanda alikuwa anaisahau sauti ya mumewe. Hapo ndipo palipomkaba. Mikono ya Nunzio aliikumbuka, shingo yake aliikumbuka, hata harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimponyoka. Asubuhi moja aliamka akiwa amemwota mumewe, na katika ndoto mumewe alizungumza kwa ile sauti ya televisheni. Alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akanawa uso, akapaka rangi ya midomo, akaenda kumtafuta mwenye sauti.

Corrado Venanzi alikuwa mzee wa miaka sabini na mitatu, akiishi mtaa wa Prati na paka mmoja mnene. "Nani?" akauliza kutoka ndani, na Iolanda akaitambua sauti: ndiye yule yule daktari wa alasiri. "Mke wa Nunzio," akajibu.

"Shemeji!" Corrado akasema alipofungua. "Karibu, karibu. Pole sana, jamani. Mazishini sikuweza kuja, goti hili..."

"Shemeji yako nani? Umekaa mdomoni mwa mume wangu miaka ishirini, hata siku moja hukubisha hodi."

"Kazi ni kazi, mama. Yeye alikufa, mimi nikapiga mayowe. Tuligawana."

Iolanda hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Akaketi, akapewa kahawa.

"Nataka sauti yake," akasema. "Ulikoipeleka unajua wewe."

"Sikuichukua, shemeji. Niliisikiliza." Corrado akagusa masikio yake. "Kabla sijasema neno nilikuwa nawekewa mkanda wa mwongozo, ule waliounasa siku ya kupiga picha, nisikie alivyosema yeye ili nifuate mdomo wake. Huyo mtu namjua mpaka anavyovuta pumzi. Ngoja." Akafumba macho, akaukaza mdomo, na kwa lafudhi ya Bari iliyobanwa kama mtu anayeongea na karanga kwenye meno, akasema, "Jamani, leo tunakula saa ngapi?"

Nywele zilimsimama Iolanda. "Sema tena!"

Corrado akasema tena. Lakini safari hii Iolanda alimsikia Corrado mle ndani, mzee mwema anayeigiza, na akaogopa. Akiisikia mara ya tatu ataibeba hiyo mpaka nyumbani, na ya kweli itakufa kabisa.

"Basi. Inatosha, tafadhali." Akaweka kikombe chini. "Unajua ni mimi niliyemzuia? Mwaka wa sabini na nane mwongozaji mmoja alitaka Nunzio ajisemee mwenyewe. Filamu ya kuchekesha, kuhusu muuza dawa. Nunzio alipanda ngazi mbio akihema kuja kuniambia. Nikamwambia, kwa lafudhi hiyo? Watu watakucheka, na mimi utaniaibisha. Akasema, 'Kweli, Iola.' Basi. Hakulitaja tena mpaka anakufa."

Corrado alimkuna paka kichwani kwa muda mrefu. Kisha akainuka kutafuta fimbo yake.

"Mikanda ya mwongozo ilikuwa inatupwa," akasema. "Ila Gualtiero ni mtu wa kulimbikiza takataka. Twende kabla hajafunga kwenda kula."

Gualtiero alikuwa fundi sauti, na studio yake ilikuwa chini ya ardhi, mtaa wa pili, imejaa maboksi hadi darini. Aliposikia shida yao akajikuna kichwa.

"Ninao mmoja," akasema. "Ule wa daktari anapofia mikononi mwa mkewe. Lakini, mama, usitarajie makubwa."

"Mimi pale niliwaliza watu sinema nzima," Corrado akasema.

"Wewe, ndiyo."

Mkanda ukaanza kuzunguka. Mvumo. Mtu akakohoa. Kisha, dhaifu, kwa majonzi makubwa, Nunzio akasema, "Moja." Akavuta pumzi. "Mbili. Tatu..."

Gualtiero akaona haya. "Yule mwongozaji maneno alikuwa anayaandika baadaye. Siku ya picha aliwaambia wahesabu tu, ili midomo icheze. Walifanya hivyo wengi. Samahani, mama."

Iolanda akasogea karibu na spika. Nambari zilikuwa zikija moja moja, zimebanwa vile vile, na kila moja ilimrudishia kitu: sita ilikuwa ya asubuhi, akiita kutoka bafuni, tisa ilikuwa ya hasira. Ni yeye. Ni yeye huyu, Mungu wangu! Nunzio alikuwa akimuaga mke wa filamu kwa uchungu wa kukata maini. "Kumi na nne. Kumi na tano... kumi na sita..." Akanyamaza kidogo. "Kumi na nane."

"Kairuka!" Iolanda akapiga makofi. "Kumi na saba kwetu ni nuksi, huyu hakuitaja maisha yake yote! Hata kwenye basi, kiti cha kumi na saba hakikalii. Anakata roho, na bado anaogopa nuksi!" Alikuwa anacheka, na machozi yanamchuruzika mpaka shingoni. Corrado alivua kofia yake, akageukia maboksi.

Kwenye ishirini na sita sauti ikakatika, ikabaki pumzi, kisha pumzi nayo ikaisha. Kwa mbali mtu akapiga kelele, "Simama!" Kiti kikaburutwa. Halafu Nunzio akasema tena, karibu kabisa na kipaza sauti, si daktari tena, ni Nunzio mwenyewe, kwa ule unyonge wa mtu anayengoja kuambiwa.

"Ilikuwa sawa?" akauliza. "Au nirudie?"

Jibu la mwongozaji halikunaswa. Ulibaki mvumo peke yake, na Gualtiero akanyoosha mkono azime.

Iolanda alimshika mkono huo. Alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa spika.

"Rudia, mume wangu," akasema. "Rudia, nakusikiliza."