Soketi ya Nyuma ya Piano

Cheti cha kifo kilisema ulevi. Neno lenyewe liliandikwa kwa wino wa bluu, mkono wa haraka haraka, kama mtu anayeandika vitu vya kununua dukani. Fundi alikisoma kile cheti siku tisa mfululizo, akitembeza kidole chini ya maneno kwa sababu shule aliiaga mapema, na kila alipofika kwenye neno hilo kidole kilisimama.

Mkewe alikuwa mwanamuziki wa roki. Watu walimwita Mkwaruzo, kwa ile sauti yake iliyotoka kama bati linaloburutwa kwenye saruji, naye jina akalipenda hadi akalichora kwenye gitaa. Aliishi miaka thelathini na minne, na kumi kati ya hiyo aliinywa. Alikunywa kabla ya kupanda jukwaani na baada ya kushuka. Mara mbili alilazwa. Mara moja alipotea wiki tatu, akarudi amevaa viatu vya mtu mwingine, na hakuna aliyethubutu kuuliza vyake viko wapi.

Halafu akaacha. Miezi kumi na mmoja hakugusa tone, au ndivyo alivyosema. Fundi alikuwa mtengenezaji wa redio na amplifaya, mtu asiyeamini kifaa mpaka akifungue, na kila mkewe aliporudi nyumbani alimsogelea kama anayetaka kumbusu, kumbe anamnusa.

Mkwaruzo alijua. "Haya, askari wa mpakani," angesema, na kufungua mdomo. "Kagua mzigo." Wakacheka, lakini kukagua alikagua.

Asubuhi ya mwisho alinusa peremende. Akauliza peremende ya nini. Mkewe akasema koo linamkereketa. Fundi akamwambia mtu hasugui chungu ambacho hakupikia. Mkwaruzo alivaa mkanda wa gitaa begani, akasimama mlangoni na kumwambia siku atakayomwamini ampe taarifa, afanye sherehe. Akaenda mazoezini kwenye ukumbi wa manispaa. Saa nane mchana alianguka jukwaani, gitaa likiwa shingoni na mdomo kwenye maikrofoni.

Mpiga dramu wa bendi alikuwapo, na ndiye aliyemsimulia fundi jinsi lile neno lilivyoingia kwenye cheti. Daktari alifika, akamshika marehemu mkono, akauliza kama alikuwa mnywaji. Meneja wa ukumbi akajibu kwamba mji mzima unajua. Basi. Damu haikutolewa, hata tone. Wakubwa hupimwa maabara; wanyonge hupimwa kwa macho.

"Kwani alidanganya?" mpiga dramu aliuliza kwa unyonge. "Si kweli mji mzima unajua?"

Hapo ndipo ubaya wa lile jibu ulipokuwa. Lilikuwa kweli, na lilikuwa limepinda.

Mama mkwe alikuwa amekaa nyumbani kwa fundi tangu msiba, kwenye kiti kilekile karibu na dirisha. Miezi kumi na mmoja alikuwa amepita kwa majirani akiwaambia binti yake amepona, na sasa majirani wale wale walikuja kumpa pole kwa sauti za chini, za watu wanaojua. Alingoja waondoke, akamgeukia mkwewe.

"Baba, wewe ndiye uliyekuwa unalala naye. Niambie tu nijue. Alirudia chupa?"

Fundi alitaka kusema hapana. Akaikumbuka ile peremende. "Sijui, mama," akasema, na tangu siku hiyo yule mama hakumwita baba tena.

Jumatatu ujumbe ukaja kutoka kwa meneja. Fundi aende kuchukua vyombo vya marehemu, atie sahihi kwamba vyote amevipokea vikiwa vizima. Na Jumamosi ukumbi utafanya saa moja ya kumbukumbu, bila malipo, ambapo meneja mwenyewe atawaasa vijana juu ya ulevi. Fundi alisoma mara mbili. Fisi akikuletea nyama, usimshukuru kabla hujahesabu mbuzi wako. Miaka minane Mkwaruzo alipiga muziki pale, na hajawahi kupewa hata kiti chenye mgongo. Leo amekufa ndiyo anapewa saa nzima ya bure?

Alikwenda Jumanne. Mtunza stoo akamletea amplifaya na gitaa, akamwekea karatasi mbele. Fundi akaomba kwanza apande jukwaani aone mahali mkewe alipoangukia. Mlinzi akamfuata, akasimama nyuma yake akikohoa kikohozi kisicho na makohozi.

Alichokiona fundi hakikuwa kitu kikubwa. Mbele ya jukwaa palikuwa na soketi mbili kuukuu, vifuniko vimegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, lakini skrubu zake ziling'aa. Mtu alikuwa amezifungua juzijuzi. Nani anafungua soketi ya zamani, halafu anaifunga na kuiacha ilivyo? Fundi akaichukua ile karatasi pamoja na vyombo, akasema miwani ameisahau, karatasi ataileta Jumamosi. Miwani hakuwahi kuwa nayo maisha yake yote.

Nyumbani aliifungua ile amplifaya. Mashine hiyo aliijua kuliko alivyojua kiganja chake, na alifika kwenye kasoro kabla chai haijapoa. Kapasita moja, ile inayokaa kati ya umeme wa ukutani na bodi ya chuma, ilikuwa imeoza ndani na inavujisha umeme. Akaigeuza aione vizuri. Ilikuwa imeunganishwa kwa risasi ya kulehemia iliyosambaa kama ukoko wa uji, na mtu wa mji ule aliyeunganisha namna hiyo alikuwa mmoja. Miezi minne nyuma aliitoa kwenye redio iliyokufa akaitia humo, kwa sababu mpya haikupatikana na mkewe alikuwa na onyesho.

Akachomeka mashine kwenye soketi ya karakana, akaunganisha gitaa, akachukua bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye kitaa kidogo kwenye mpini. Akagusa nyuzi. Kitaa hakikuwaka. Soketi yake ilikuwa na ethi, yaani ule waya wa kijani ambao kazi yake ni moja tu: umeme ukivuja, uupeleke ardhini kabla haujampata mtu. Akauchomoa ule waya, akagusa nyuzi tena. Kitaa kikawaka chekundu, kama jicho la paka uvunguni.

Chai ilipoa. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema la kufanya ukishakiona. Kubadilisha ile kapasita ingekuwa kazi ya dakika tano, na hakuna ambaye angejua. Chuma cha kulehemia kilikuwa kimeshapata moto. Kutoka chumba cha pili alimsikia mama mkwe akiwajibu majirani: ndiyo, ndiyo, Mungu ndiye ajuaye. Fundi akakichomoa kile chuma, akafunga mashine na kapasita yake mbovu ndani.

Kasoro ilikuwa yake, sawa. Lakini kila amplifaya ya zamani huvuja, na ndiyo maana nyumba hujengwa na ethi. Ya ukumbi ilikwenda wapi?

Wa kumwuliza alikuwa mmoja, fundi umeme wa manispaa, mtu mfupi mcheshi waliyemwita Fyuzi kwa kuwa hasira zake zilikatika upesi. Fundi alimkuta Alhamisi kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia.

Fyuzi alianza na mizaha. Akamwambia kinyozi amalize polepole, maana mgeni huyu ana uso wa mdai. Fundi hakucheka. Akasema tu ameziona skrubu. Kinyozi alikuwa mtu wa zamani katika kazi yake. Akakumbuka ghafla kwamba ana maji ya kwenda kuchota.

"Mimi nina watoto wanne," Fyuzi alisema akijitazama kwenye kioo. "Usiniulize nani aliagiza. Niulize soketi ngapi."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Mwaka uliopita alikuja mgeni mkubwa kuhutubia, na vipaza sauti vikanguruma hotuba nzima, mgeni akakasirika na meneja akatokwa jasho. Fyuzi akasema mngurumo unatokana na ethi ya jukwaani na ile ya mitambo ya nyuma kugombana, unahitaji kifaa cha kununuliwa. Meneja akauliza ukikata ethi ya jukwaani je? Fyuzi akajibu mngurumo utakufa, lakini na mtu anaweza kufa. Meneja akasema kata, mtu hajafa bado.

"Alikuandikia?"

"Ee, ndugu yangu. Kalamu ya wakubwa ni ya kusainia mishahara yao. Maagizo mabaya huyasema kwa mdomo." Fyuzi akajipangusa nywele shingoni. "Siku ileile aliyoanguka mkeo niliitwa nirudishe. Mbili za mbele nimerudisha. Ya tatu iko nyuma ya piano, na piano inataka watu sita. Hawakupatikana."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Fundi alifika mapema akisukuma amplifaya kwenye toroli, gitaa begani, akamwambia mlinzi ni vitu vya kupamba kumbukumbu. Meneja alifurahi, akaagiza viwekwe pale pale kando ya piano vionekane vizuri. Mama mkwe alikaa mstari wa kwanza, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu. Fyuzi alikuwa karibu na mlango.

Meneja alizungumza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimsifu marehemu kwa kipaji, kisha akashuka taratibu mpaka kwenye chupa, akisema tumempoteza dada yetu kwa adui anayekaa ndani ya glasi. Wengine waliitikia kwa vichwa. Mama mkwe aliinamisha chake.

Fundi akasimama. Hakuomba ruhusa. Akapitisha mkono nyuma ya piano, akachomeka waya kwenye soketi ya tatu, akawaambia watu wote wakae mbali, mtu yeyote asiguse kitu. Mashine ikapata moto, gitaa likavuma. Akatoa bisibisi mfukoni, akainyanyua waione, akagusa nyuzi. Kitaa kikawaka. Akasogea kwenye maikrofoni ya meneja, akaigusa. Kikazimika. Akarudi kwenye nyuzi. Kikawaka.

"Mkono wake ulikuwa hapa," akasema, "na mdomo wake ulikuwa pale, penye ethi ya mitambo ya nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa waya."

Ukumbi mzima ulisikia mashine ikivuma. Meneja hakupata cheo chake kwa ujinga. Aliitazama ile taa, akaitazama amplifaya, na sauti yake ikalainika.

"Pole sana, fundi. Tuelewane tu. Mashine hiyo anaitengeneza nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kapasita inayovuja niliitia kwa mkono huu." Alisema bila kumtazama mama mkwe, kwa sababu angemtazama asingeendelea. "Andika hivyo. Na andika kwamba ethi ya jukwaa hili ilikatwa kwa agizo lako. Lakini ulevi ufutwe. Mimi sijui kama asubuhi ile alikuwa amekunywa. Nilimshuku, na nitakufa sijui. Hata kama alikunywa, meneja, pombe haiwashi taa."

Meneja akasema ethi haijawahi kukatwa, huo ni uzushi wa mtu mwenye uchungu. Hakumaliza. Fyuzi alikuwa ameondoka mlangoni. Alizima swichi kuu, akapanda jukwaani bila kumtazama mtu, akawaita vijana sita wa bendi na mstari wa pili waisogeze piano. Akafungua kifuniko. Waya wa kijani ulikuwa umekunjwa, umefungwa utepe mweusi kama kidole chenye jeraha. Akashuka, akarudi mlangoni, kama aliyekuwa amekwenda kufunga dirisha.

Mama mkwe akamjia fundi polepole.

"Ulijua lini?"

"Jumanne, mama."

"Siku nne tumekula sahani moja." Akajifunga kanga upya. "Twende huko kunakoandikwa."

Walikwenda polisi kwa miguu, yeye upande mmoja wa barabara, fundi upande mwingine.

Karatasi mpya ya chanzo cha kifo ilichukua wiki tano. Askari aliisoma kwa sauti, haraka, akamsogezea fundi kalamu. Fundi akasema ataisoma mwenyewe. Askari akatazama saa. Kidole kikaanza safari yake mstari kwa mstari. Jina la fundi lilikuwapo, majina yote matatu, na kazi yake, na mtaa wake. Upande wa ethi paliandikwa "uongozi wa ukumbi".

Fundi akauliza uongozi ni nani, unakaa mtaa gani, na kama una mama. Askari akasema ndivyo inavyoandikwa.

Fundi aliirudia karatasi kutoka juu, polepole zaidi, maana waandishi wa serikali wana mahali pengi pa kufichia neno. Alitafuta chini, pembeni, hadi kwenye mihuri. Ulevi haukuwapo. Akatia sahihi.

Mama mkwe akaomba nakala, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Akamshukuru askari. Kisha akatoka kwenda kuwaonyesha majirani, na hakumngoja mkwewe.