Jina la Baba Ndani ya Droo

Baba yao alipofariki, Winifred Garth na kaka yake Ambrose waligawana kabati. Lilikuwa la mkangazi, la enzi za babu wa babu yao: juu rafu za vitabu zenye milango ya vioo, chini meza ya kuandikia na droo zake. Halikuwa na msumari. Sehemu ya juu iliikalia ya chini kwa uzito wake tu. Ambrose akabeba ya juu, Winifred akabaki na ya chini. Wakanuniana miaka thelathini na mmoja katika bonde moja la Yorkshire, nyumba zao zikitazamana.

Ndani ya droo ya kwanza mlikuwa na majina ya waliolimiliki, kwa penseli, watano, kila moja na mwaka wa kifo pembeni. Hujiandiki mwenyewe, anayekurithi ndiye anayekuandika, siku ya maziko yako. La baba halikuandikwa, maana kuliandika ni kusema mimi ndiye mrithi, na hakuna aliyemkubalia mwenzake.

Februari hiyo Winifred akasikia kaka yake yu mahututi. Akasali, akatia penseli mfukoni, akapanda kilima kwenye theluji mpaka kitandani kwa Ambrose.

"Nani huyo? Kasisi?"

"Ni mimi."

"Ahaa, malkia wa droo! Umekuja kupima jeneza?"

"Nimekuja tuliunganishe kabati, kaka. Tumwandike baba, sote wawili. Mimi sina mtoto, wewe huna. Tukifa hivi, nani atamwandika?"

Ambrose akakohoa mpaka jasho likamtoka. Kisha akaelekeza kidevu kwenye jiko la kuni.

"Limeishia humo."

"Nini?"

"Kabati. Ule mwaka barabara ilipofungwa na theluji. Rafu kwanza, milango baadaye. Liliwaka vizuri, Winnie. Siku nne."

"Si ungekuja kwangu! Kuni zilinijaa mpaka ukumbini."

"Nilijua. Moshi wako nilikuwa nauona."

Winifred akampikia uji wa shayiri, akamlisha. Ambrose alimeza vijiko viwili. Alhamisi wakamzika.

Alipotoka makaburini hakuvua hata koti. Akavuta droo, akaandika jina la baba, na chini yake la Ambrose. Penseli ikabaki mkononi. Akautazama mlango kitambo, kana kwamba kuna wa kuingia. "Bwana, nisamehe," akasema, akaandika na la kwake. Mwaka wake akauacha wazi.