Turbo ya Shafik na Supachaja ya Kasimiro

Acidri wa Ombaci alikuwa fundi mzuri wa magari ya watu na fundi wa wastani wa gari lake mwenyewe. Gari hilo, Corolla nyeupe iliyomzidi umri mtoto wake wa kwanza kwa miaka kumi na minne, lilikuwa limeshiriki mara tatu mashindano ya kupanda kilima yaliyofanyika Midia, wilayani Koboko, kila mwaka, siku mbili kabla ya Krismasi. Mara ya kwanza lilichemka. Mara ya pili lilifika juu, ingawa nyuma ya mwendesha pikipiki aliyebeba mbuzi wawili na ambaye hakuwa ameandikishwa. Mara ya tatu lilitumia dakika nne na sekunde thelathini na moja, na Acidri akarudi nyumbani akiamini kwamba amepiga hatua.

Mkewe Peace, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi mjini Arua, hakubishana na imani hiyo. Aliweka sharti. Mwaka huu gari lipande kilima kwa muda usiofika dakika nne. Likishindwa, ifikapo Januari litakuwa teksi ya kubeba abiria kati ya Arua na Koboko, nalo litajitafutia petroli yake lenyewe. Acidri alikubali mbele ya mama yake na mbele ya padri aliyekuwa amekuja kwa jambo lingine kabisa, hivyo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Sekunde thelathini na mbili hazipatikani kwa kubadilisha plagi. Ilibidi injini isukumiwe hewa, na hewa husukumwa kwa njia mbili. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi: hutumia kilichokuwa kinatupwa, lakini hungoja moshi uwe mwingi ndipo iamke. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda: haingoji, lakini hula nguvu kidogo kabla ya kuleta iliyo nyingi. Mtu mwenye akili timamu anaweza kupendelea mojawapo. Koboko walikuwako watu wawili wenye akili timamu, na kila mmoja alikuwa na chombo chake.

Shafik, mwenye duka la vipuri, alikuwa na turbo iliyotolewa kwenye pikapu la dizeli, kubwa kama kichwa cha ndama. Kasimiro, sajini mstaafu aliyetumikia karakana ya jeshi miaka ishirini na miwili, alikuwa na supachaja ya Toyota ya zamani, aliyoihifadhi chini ya kitanda ndani ya blanketi la jeshi. Walikuwa majirani. Wote wawili walikuwa tayari kutoa chombo bure kwa sharti moja tu: cha mwenzake kisitumike.

Acidri na Peace walikwenda Koboko Jumamosi moja mwezi wa Novemba ili uamuzi ufanyike. Wakaketishwa uani kwa Kasimiro, wakapewa chai, na vyombo vyote viwili vikawekwa juu ya gunia, kama watuhumiwa.

“Sikia, Acidri,” alianza Shafik. “Turbo hii iko na nguvu mpaka unaogopa. Wewe nafunga, nakanyaga, gari naenda kusimama Yei, kule Sudan.”

“Itaamka saa ngapi?” aliuliza Kasimiro. “Hii iko ya injini kubwa. Kwa injini kidogo ya huyu kijana italala kama askari wa zamu.”

“Afande, hiyo yako nakula nguvu ya injini. Iko kama mkubwa wa kambi: sahani yake kwanza, wengine baadaye.”

“Mkubwa akishakula, kazi inaanza saa ile ile. Yako bado natafuta viatu.”

“Na joto je? Na mkanda? Mimi siuzi kitu ya kufungwa na kamba.”

“Wewe hata huuzi. Unatoa bure. Mutu akitoa bure, uliza kwa nini.”

“Na wewe je, Afande?”

“Mimi niko mzee. Mzee anatoa.”

Mazungumzo yaliendelea hivyo kwa muda wa saa tatu. Ilitajwa historia ya magari ya jeshi tangu kuundwa kwake. Waliapa kwa vitabu vitakatifu viwili tofauti. Acidri, ambaye alimheshimu mzee na kumpenda rafiki, alikubaliana na kila aliyesema, hata pale waliposema mambo yaliyopingana. Peace alimaliza chai, akaweka kikombe chini.

“Hiyo njia ya kilima iko na kona ngapi?” aliuliza.

Shafik alimtazama Kasimiro. Kasimiro aliitazama supachaja. Acidri, aliyeipanda njia hiyo mara tatu na kuiota mara nyingi zaidi, alisema zilikuwa nyingi.

“Nyingi si namba,” alisema Peace.

Wakaenda Midia kuhesabu. Njia ya murram, changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, ilikuwa na urefu wa kilometa nne, na waliipanda kwa miguu, Peace akiandika kwenye daftari na Kasimiro akipima kwa hatua zake za gwaride, ambazo alidai hazijabadilika tangu mwaka alioandikishwa. Walipata kona ishirini na sita. Sehemu ndefu kuliko zote iliyonyooka ilikuwa hatua mia mbili na kumi.

Shafik alisema huenda idadi ikawa nyingine ukihesabu kutoka juu. Kwa kuwa ilibidi washuke hata hivyo, walihesabu tena. Zilikuwa ishirini na sita.

Peace aliketi juu ya jiwe, akaeleza kwa utaratibu aliotumia kwa darasa la sita. Katika kila kona Acidri angeondoa mguu, moshi ungepungua, na turbo kubwa ingelala. Baada ya kona angekanyaga, na kabla haijaamka vizuri kona nyingine ingekuwa imefika. Hapo turbo ingekuwa mzigo wa kilo kadhaa unaopandishwa kilimani bila sababu ya msingi.

“Sasa wewe uko upande gani?” Acidri alimnong'oneza. “Si unataka teksi?”

“Nataka teksi ya haki,” alisema Peace.

Shafik aliikubali hesabu bila kuyakubali matokeo. Hata hivyo hakuwa mtu wa kununa. Alirudisha turbo dukani, akarudi na mabomba mawili na vibano sita, akasema kwamba kama watu wameamua kukosea, angalau wakosee kwa mabomba mazuri.

Ufungaji ulichukua wiki tatu. Tatizo lilikuwa mkanda. Supachaja hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mkanda mpana wenye mifereji, ambao haupatikani karibu zaidi ya Kampala, na hata huko huahidiwa zaidi kuliko unavyopatikana. Mkanda wa mashine ya kusaga, kwa upande mwingine, unapatikana katika senta yoyote ya maduka huko West Nile yenye watu wanaokula. Kasimiro alimpelekea mkereza chuma wa Arua puli mbili za kuzungushia mkanda, zikachongwa upya mfereji mmoja mmoja, na tangu siku hiyo Corolla ya Acidri ilisukumiwa hewa kwa mkanda uliokusudiwa kusaga nafaka. Mikanda miwili iliteketea katika majaribio. Wa tatu ulikaa vizuri. Gari lilipokanyagwa lilitoa mlio mwembamba, wa juu, kama wa mtu anayeimba wimbo wa kanisani peke yake bafuni, na liliondoka kwa namna iliyomfanya Acidri acheke kwa sauti. Hakununua mkanda mwingine, kwa kuwa aliona kwamba wa tatu unatosha.

Kosa lilifanyika asubuhi ya mashindano, nalo lilikuwa kosa la adabu.

Habari za gari zilikuwa zimetangulia. Mtu hawezi kutoka Arua hadi Koboko akawapita anaowafahamu bila kuwasalimu, na katika safari hiyo watu hawakuridhika na salamu za mkono. “Acidri, acha na yeye asalimie!” walimwambia katika senta ya kwanza, wakionyesha boneti. Alisimama, akakanyaga, supachaja ikaimba, watoto wakaruka. Katika senta ya pili alikuwako mjomba wake. Katika ya tatu walikuwako wakwe. Kumwimbia mjomba na kuwanyima wakwe lingekuwa tusi, na kuwaimbia wakwe kwa ufupi kuliko mjomba lingekuwa tusi kubwa zaidi. Peace, aliyeketi kando yake, alihesabu salamu kumi na saba. Walipofika Midia kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua, na Acidri alipofungua boneti mkanda ulikatika mbele ya macho yake, taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja shahidi.

Injini iliendelea kunguruma, maana pampu ya maji ilikuwa na mkanda wake. Lakini hewa haikusukumwa tena. Hili lilikuwa tena gari la dakika nne na nusu.

“Nilikuambia, siuzi kitu ya kufungwa na kamba,” alisema Shafik, aliyefika mapema kwa ajili ya kusema maneno hayo.

Madukani palikuwa na mikanda ya mashine za unga, mirefu mara mbili ya iliyotakiwa. Kasimiro ndiye aliyekumbuka kwamba mashine ya kusaga karanga huwa na mota karibu, na mkanda mfupi. Iliyokuwako ilikuwa ya Rosa Kiden, mita mia moja kutoka mstari wa kuanzia. Mkanda ulilingana hadi alama ya mwisho. Mbele ya mashine kulikuwa na wanawake kumi na tisa wenye mabeseni, wakingoja karanga za Krismasi.

“Mama Rosa,” alisema Acidri, “naomba mkanda yako. Nusu saa tu.”

Rosa Kiden hakuzima mota. “Hawa watu unawaona?”

“Nawaona, mama.”

“Wanafanana na watu wa nusu saa?”

Mwanamke wa kwanza katika foleni, aliyeitwa Poni, alikumbatia beseni lake. “Mimi nilifika hapa jogoo bado. Krismasi yangu yote iko ndani ya hii. Sasa wewe unataka kupanda kilima na Krismasi yangu?”

“Mumpe tu,” alidakia mwingine, “huyu mwaka jana alipitwa na mbuzi.”

“Mwaka juzi,” alisema Acidri.

Walicheka kiasi kwamba Rosa alilazimika kuzima mota ili aulizwe vizuri. Peace akaeleza sharti lote, pamoja na teksi, na pamoja na padri. Wanawake walimsikiliza kwa makini.

“Na wewe unamwombea?” alishangaa Poni. “Si akishindwa unapata teksi?”

“Akishindwa kwa kilima, sawa. Akishindwa kwa kusalimia wakwe zake, nitaambiwa mimi ndio nilitaka.” Peace alivuta kigoda. “Gari zote zinapanda mara mbili. Yeye atapanda mara moja, halafu mkanda unarudi. Mimi nabaki hapa. Asiporudi, nitasaga mabeseni yote kwa jiwe.”

Rosa Kiden aliitazama foleni. Foleni ilitazama mikono ya Peace, ikaona inatosha. Mkanda ukafunguliwa.

Hivyo Peace hakuyaona mashindano. Aliketi miongoni mwa mabeseni, saa mkononi, na bendera iliposhuka akabonyeza. Mlio mwembamba uliondoka, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena.

“Moja,” alisema Peace.

Poni alielewa upesi. Kila mlio ulipokatika ni kona. Kufikia kona ya tano foleni nzima ilikuwa ikihesabu. Kufikia ya kumi na mbili Rosa Kiden alikuwa amesimama juu ya gunia la karanga. Kona ya kumi na nane ilikuja katika dakika ya pili na sekunde arobaini na nne, na Peace, ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anautaka ushindi huo, alikuwa amelishika beseni la Poni kwa nguvu hata karanga zikamwagika.

Kwenye kona ya ishirini na mbili mlio ulikatika na haukurudi.

“Mkanda yangu,” alisema Rosa.

Kimya kilidumu sekunde tatu, kwa mujibu wa saa. Kisha mlio ukarudi, mkali kuliko mwanzo. Wanawake kumi na tisa walihesabu ishirini na tatu kwa sauti iliyosikika barabarani. Ya ishirini na nne. Ya tano. Ya sita. Kutoka juu ya kilima watu walipiga kelele, na Peace akabonyeza saa, akaitazama, akaigeuza ili mtu mwingine asiione.

Acidri alishuka kwa pikipiki, mkanda ukiwa shingoni mwake, majani ya muhogo yakiwa yamenasa kwenye kola ya shati, na karatasi ya waamuzi mkononi. Mkanda ulipokewa kabla ya salamu. Poni aliunusa.

“Inanuka petroli.”

“Saga tu,” alisema Rosa. “Krismasi hii tutajua karanga zako ni zipi.”

Mashine iliwaka. Ilibidi Acidri apaze sauti. “Dakika tatu, hamsini na saba! Nafasi ya sita!”

“Hamsini na sita,” alisema Peace. “Lakini wao ndio waamuzi. Kona ya ishirini na mbili ilikuwa nini?”

Acidri alitoa jani moja kwenye kola, akalitazama kana kwamba hajui lilikotoka. “Nilitoka nje ya njia. Kwa shamba la mutu.”

“Ndani ya kona ama nje?”

“Nje.”

Peace alilifikiria hilo kwa muda ambao hakuna aliyeupima. Nje ya kona ni mbali zaidi kuliko ndani. Aliyepita nje hakujipunguzia safari, alijiongezea. Hapakuwa na wizi.

“Basi gari libaki,” alisema. Kisha, foleni ilipomaliza kushangilia, akasimama na kujikung'uta maganda ya karanga. “Sasa twende kwa mwenye shamba tukahesabu muhogo uliouangusha.”