Kwa Nini Hatupiti Mlango wa Mbele

Kwenye udugu wetu wa wanafunzi, chama chenye nyumba yake hapa chuoni Ohio, hakuna anayepita mlango wa mbele. Tangu mwaka 1911 tunazungukia nyuma, penye mapipa ya taka, hata theluji ikifika magotini. Juzijuzi walikuja wazimamoto, nao tukawaelekeza nyuma. Mimi ndiye mtunza historia wa nyumba, na kila mwari anayetaka kuwa ndugu yetu lazima anijibu mbele ya wote: kwa nini?

Jibu limo katika kijitabu cha udugu wetu. Mwasisi wetu mkuu, Lucius Hapgood, aliuacha mlango wa mbele ili kila ndugu aingie kwa unyenyekevu.

Emmett Krause, mtoto wa seremala, alikuwa mwari bora kuliko wote. Alikariri waasisi saba, wimbo wetu, hata jina la mbwa wa Hapgood. Chuo kizima hakuwa na rafiki ila sisi.

"Haya, mwari," nikamwuliza. "Mlango wa mbele, kwa nini hatupiti?"

"Umekwama, kaka."

Watu wakaangua kicheko. Preston, mwenyekiti wetu, akagonga meza. "Acha utani wewe! Jibu la kitabuni."

"Si utani, kaka. Nimesoma kumbukumbu za vikao kule darini. Hapgood kaandika mwenyewe: 'Mlango umevimba kwa mvua. Tupite nyuma mpaka fundi aje.' Basi fundi hakuja. Nipeni randa na nusu saa tu, nawafungulia."

"Yaani miaka yote hii tunaruka mapipa kumngoja fundi?" akauliza Dunstan.

"Dunstan, nyamaza," akasema Preston, lakini naye alikuwa anacheka.

Tukapiga kura kama desturi yetu: gololi nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana, na nyeusi moja inatosha kumkataa mtu. Preston akafungua sanduku. Nyeupe thelathini na moja. Nyeusi moja.

Emmett alitushika mikono wote, mmoja baada ya mwingine, akasema asanteni, akachukua koti lake.

"Nani huyu mshenzi?" Preston akafoka. "Kijana kasema kweli!"

Wenzangu wakaangalia dari, nami nikaangalia nao.

Kumbukumbu zile nilizisoma miaka mitatu iliyopita, nilipokuwa mwari. Nilipoulizwa nilijibu unyenyekevu, nikapigiwa makofi, nikapewa cheo hiki. Nisingeweza kunywa chai na Emmett meza moja kila asubuhi.