Kitabu Hakiulizi

Nilijiandikisha maktaba kwa sababu moja tu, na wala haikuwa kusoma. Binti yangu alikuwa anashinda pale kila Jumamosi, na maktaba haina mlango wa chumba cha kulala wa kunifungia usoni.

Anaishi kwa shangazi yake, yaani wifi yangu. Baba yake alipofariki nilimwacha pale angali mdogo, anaongea kama chiriku, nikaenda mbali kufanya kazi ya yaya, ile ya kulala hukohuko. Anayetaka kusema nilimtupa mtoto aje kwanza anionyeshe tungekula nini. Niliporudi nilimkuta msichana mrefu anayeniamkia, kisha anaingia chumbani, basi. Wifi hugonga mlango, hubembeleza, mwishowe huchoka. "Mpe muda, wifi," huniambia. Muda nimempa mpaka umeniishia. Nimepanga chumba mtaa wa pili, napiga pasi nguo za watu, na nikipita kwao jioni naongea na mlango.

Maktaba yetu ni vyumba viwili na baraza, na paa linavuja upande wa magazeti. Mkutubi wake ndiye mtu pekee mle ndani asiyejua kunyamaza. Kila wiki anabandika tangazo jipya: sinema kwa familia, sataranji kwa vijana, hadithi kwa wadogo, wote karibuni, hakuna kiingilio. Safari hiyo alitafuta "vitabu hai". Mtu mzima mwenye kazi yake anakaa kitini na kadi kifuani, kijana, au yeyote aliyefika, anamwazima kwa robo saa na kumuuliza chochote anachotaka. Nilisoma tangazo lile nikahisi limeandikwa kwa ajili yangu.

Siku yenyewe mkutubi alitupanga barazani. Kushoto kwangu alikaa fundi baiskeli, kulia muuguzi mstaafu. Kadi yangu iliandikwa YAYA.

"Sheria ni mbili," alisema mkutubi. "Kitabu hakichagui msomaji. Na kitabu hakiulizi, kinajibu tu."

"Hata swali moja?" nikasema.

"Mama, umewahi kuona kitabu kinakuuliza umekula nini?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikereka. Nilikuwa nimekuja na maswali kifua kizima, na huyu bwana ananiambia niyameze.

Fundi baiskeli aligombewa na vijana tangu mwanzo. Mimi niliazimwa na mke na mume wenye mtoto mchanga asiyelala. Niliwaambia waache kumtikisa kama embe wanalotaka lianguke, nikampokea, nikamlaza kifuani, akalala. "Mama, una mkono wewe!" akasema yule mume. Nilitabasamu, lakini macho yangu yalikuwa ndani, kwenye kona ya vijana. Binti yangu alikuwa anakata makaratasi ya mapambo na wenzake. Mmoja akasema jambo, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimewahi kukisikia kicheko chake cha ukubwani. Niliona wivu, tena wivu mkali, kumwonea msichana nisiyemjua aliyemchekesha mwanangu.

Halafu akatoka barazani, akaenda kwa mkutubi, akaninyooshea kidole. Nilidhani anamwonyesha muuguzi. Akaja moja kwa moja, akavuta kiti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mkutubi akagonga kengele. Binti yangu akaisoma kadi, kana kwamba hajui.

"Ulilea watoto wangapi?"

"Mmoja. Wa kiume. Nilimpokea hajakaa, nikamwacha anaenda shule."

"Alikuwa anaogopa nini?"

Swali jepesi kama nini! "Radi," nikasema. "Ikipiga tu, yuko kabatini. Nakaa nje ya kabati namwimbia mpaka atoke. Na blenda. Ilibidi niwashe yeye akiwa uani. Na kunyolewa, wee! Nilikuwa namnyoa akiwa usingizini, upande mmoja leo, wa pili kesho." Nilinogewa. Miaka yote nilikuwa nasubiri akae mbele yangu anisikilize, na sasa anasikiliza. Nikamweleza hata jinsi yule mtoto alivyokuwa hataki maziwa yenye utando. Nilipomtazama vizuri, alikuwa ametulia tuli.

"Na mimi?"

"Wewe nini, mama?"

"Kitabu hakiulizi," akasema taratibu. "Mimi naogopa nini?"

Nilitafuta kichwani mwangu kote. "Kuku," nikasema.

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Giza."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza, ningeipokea yote hata ya kutwa nzima. Alikuwa ananisubiri tu, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgeni akumbuke njia.

"Sijui," nikasema. Neno hilo liliniuma kulitamka kuliko yote niliyowahi kumwambia.

"Nina moja la mwisho. Jumamosi ijayo utakuja?"

Moyo ukanilipuka kwa furaha, mjinga mimi. "Nitakuja! Kila Jumamosi nitakuja, mwanangu, hata wasiponiweka kitini."

Akainamia mikono yake. "Nyumbani unakuja. Nikitoka shule uko getini. Hapa ndiyo sehemu pekee ambayo naingia bila kuangalia kwanza kama upo. Ukianza kuja na hapa, mimi sina pa kwenda."

Kwa nini, mpaka lini, nikufanyie nini: yote nilitaka kuyauliza. Sheria ilikuwa sheria, na hata isingekuwepo, nilikuwa naogopa majibu yake.

"Basi sitakuja," nikasema.

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Asante," akasema. Kengele ilipogongwa alikirudisha kiti mahali pake akaenda kwa wenzake. Mimi nilipitia mlango wa nyuma, karibu na vyoo, ili asilazimike kuniona tena. Nililia njia nzima. Watu walinitazama, na watazame.

Mwezi haujaisha, wifi alikuja kuchukua mashuka yake. Alikuwa amechangamka.

"Wifi, mwanao siku hizi ana raha! Jumamosi anaamka kabla yangu. Akitoka huko maktaba anasaidia kupika, anaongea na mimi mpaka tunalala. Sijui wamempa nini."

"Vizuri," nikasema.

"Na wewe nenda siku moja, ukamwone alivyobadilika. Si bure? Wanasema familia zote karibu."

Nikamwambia nguo za watu ni nyingi, sipati nafasi.